Aliyeitwa Mama Noki

Mtaani kwao wanamwita Mama Noki, na wengi wa wanaomwita hivyo hawajui hata boneti ya gari inafunguliwa kutokea wapi. Injini ilinoki, ikafa kabisa, yeye akiwa kwenye usukani, basi, jina likamganda. Muuza mkaa analitaja akimwita aje kuchukua gunia lake. Shemeji zake, watu wazima na ndevu zao, wanalitaja wakitaka kuchekesha sebule. Naye huitika. Angefanya nini? Ukilikataa jina la utani ndiyo kwanza watu wanalikazania.

Wakati kama kuna mtu mtaa mzima ule aliyelijua gari, ni huyohuyo. Baba yake alikuwa dereva wa lori la mizigo, mtu wa safari ndefu, na mtoto wake wa kwanza alipokuwa wa kike hakuona sababu ya kungoja wa kiume. Alimfundisha. Asubuhi, kabla hujawasha, lizunguke gari lote. Chungulia chini uone kama kuna kilichodondoka. Vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kivute tena, maana ukikisoma mara ya kwanza kimekudanganya. Maji ya rejeta yaangalie injini ikiwa baridi. Mafuta ya breki usiyasahau. Piga tairi teke ukipenda, ila usijidanganye kwamba umepima upepo, lete kipimo. Msichana alikuwa bado anavaa sare za shule alipoanza kubadilisha tairi za lori, anapanda juu ya mpini wa spana kwa miguu yote miwili na kuruka kwa sababu mikono ilikuwa haina nguvu za kulegeza nati. Leseni aliipata bila kurudia mtihani.

Akaolewa na karani wa ghala. Mwanamume mtanashati huyo! Shati limenyooka, kiatu ungeweza kujitazamia, hata wakamwita Bwana Mng'aro, na jina hilo yeye alilipenda. Alipopata gari lake la kwanza, gari kuukuu lililopitia mikono ya watu, alikuwa analiosha kila jioni. Akalipaka nta, akavivalisha viti vitambaa vya rangi ya zambarau, akatundika kinukishi kwenye kioo. Ndani ya boneti hakutazama kabisa. Ndani ya boneti kuna grisi, na grisi haina adabu na shati jeupe.

Basi mke ndiye aliyekuwa anatazama. Kila asubuhi utamkuta kainama pale mbele ya nyumba, kitambaa kikuukuu mkononi, anavuta kijiti, anajaza maji, anakaza klipu iliyolegea. Gari likawa linawaka kwa mguso mmoja. Siku moja jirani akapita akamwona, akamgeukia mume aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Ee bwana, humu kwako mama ndiye fundi. Wewe ndiye unayepika?"

Utani tu, utani wa majirani wa kila siku. Lakini Bwana Mng'aro aliingia ndani uso umemvimba.

"Mama watoto, kuanzia leo naomba usifungue boneti pale nje."

"Kwa nini?"

"Watu wanatazama."

"Si watazame. Wataona oili, wataona nini kingine?"

"Unanidhalilisha. Gari langu nitalikagua mwenyewe. Wewe endesha tu."

Akakubali. Hapo ndipo alipojikata mwenyewe, na amejilaumu mpaka amechoka. Aliona haina maana kuvuruga nyumba kwa ajili ya kijiti cha oili. Aliposikia mume akijibu "nimeshakagua" alinyamaza, ingawa mikono ya mume ilikuwa misafi kama ya mtu aliyetoka kuoga.

Sasa, alikuwa na jambo lake moja moyoni wakati ule. Zahanati yao haikuwa na gari. Mwanamke akishikwa na uchungu, mtoto akizidiwa na homa, watu walikuja kugonga kwake, naye alitoka na ufunguo bila kuuliza maswali mengi. Amewabeba wengi, na hakuna aliyejifungulia njiani. Msimamizi wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti nzito ambaye kila mtu humwita Matroni, alikuwa akiyaona hayo. Serikali ilipoiahidi zahanati gari la wagonjwa, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Gari likija, dereva ni wewe. Nimeshawaambia wakubwa, wamekubali. Usitangaze kwanza, nisije nikaletewa wapwa wa watu hapa."

Alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani. Alikuwa ameshona sare, amefua nguo za watu, amefanya vibarua vya kupitisha siku, na muda wote huo alijua kazi yake ni ipi. Hakutaka kingine duniani. Alimwambia mumewe siku hiyohiyo, na mume akasema, "Vizuri," akaendelea kufuta kioo cha gari.

Injini ilinoki mchana kweupe. Alikuwa anampeleka mama mkwe hospitali kubwa kupimwa macho, na wameshaanza kupanda mlima, akasikia kitu kinagonga ndani ya injini. Mlio mdogo, kokoko, wa haraka. Jicho likaenda kwenye dashibodi. Hakuna taa. Mshale wa joto uko mahali pake. Lakini mlio ule hakuupenda, akaanza kutafuta pa kuegesha, na kabla hajapapata kikaja kishindo, gari likashtuka, likazima.

Usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu kama jiwe. Alikanyaga klachi, akausukuma usukani kwa mabega yote, akalitoa gari barabarani, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za hatari. Akatoka akaweka jiwe kubwa nyuma ya tairi lisije likarudi mlimani. Akamshika mama mkwe mkono akamvusha mtaro, akamkalisha mbali na gari. Akarudi kuweka pembetatu nyekundu ya tahadhari kule chini kwenye kona, na hajamaliza, lori limejaa mchanga likaja kwa kasi, dereva akaiona pembetatu, akakwepa. Bila hiyo pembetatu sasa hivi tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Haya yote hakuna anayeyasimulia. Hata siku moja hujasikia.

Ndipo akafungua boneti, akavuta kijiti. Kikavu. Hata ncha haikuwa na unyevu. Alisimama nacho mkononi mpaka mume alipofika na pikipiki ya kukodi, watu wameshajaa.

"Hukuona taa ya oili?" Hilo ndilo lililotangulia. Hakuuliza kama wamepona.

"Haikuwaka."

"Haiwezi isiwake! Oili ikiisha taa inawaka, hata mtoto mdogo anajua."

"Baba watoto, nimekwambia haikuwaka. Na kijiti hiki hapa, kikavu. Ulikagua lini mara ya mwisho?"

Aliyejibu ni mama mkwe, kutoka kule alikokalishwa salama. "Mimi nilisikia gari linalia. Linalia, na yeye anakanyaga tu. Nikasema ninyamaze, mimi mtu mzima, mambo ya magari sijui."

Mwanamke akamtazama mumewe, akingoja aseme neno. Bwana Mng'aro alikuwa anatazama viatu vyake, vilivyoshika vumbi.

Habari hazikungoja jua lizame. Kaua injini. Taa inawaka nyekundu yeye anapiga soga na mama mkwe. Wengine wakaongeza kwamba alikuwa anaongea na simu. Wale aliowabeba na uchungu wao nao wakacheka, wengine wakiwa wamembeba mgongoni mtoto aliyefikishwa hospitali na gari hilohilo. Aibu haipo siku hizi.

Matroni alimwita tena, safari hii mlango ukabaki wazi. "Mwanangu, mimi nakuamini. Lakini wakubwa wameshasikia. Wananiuliza, gari jipya nimkabidhi mtu aliyenokisha injini? Tusubiri maneno yatulie."

"Matroni, taa haikuwaka. Naapa haikuwaka."

"Nimekusikia."

Lakini taa ya oili ikikosa kuwaka ni kitu cha nadra, na yeye mwenyewe alijua hivyo. Alianza kujishuku. Mchana akifua, akipika, anarudi mlimani kichwani: labda iliwaka nikadhani ni mwanga wa jua? Labda kweli nilikuwa nasikiliza habari za mama mkwe? Mtu aliyefundishwa na baba yake kusoma gari zima kwa jicho moja akawa haliamini jicho lake. Hilo lilimuuma kuliko jina.

Gari likakaa uani bila injini yenye faida. Na ghala nalo likafungwa, makarani wakarudishwa nyumbani, Bwana Mng'aro akawa anashinda kibarazani amevaa shati la kazini. Ikabidi gari liuzwe vipande vipande. Akaja fundi wa pale kona, ambaye mume alizoea kumpelekea gari, aanze kung'oa kinachouzika. Alipoitoa dashibodi na kuilaza kifudifudi kwenye gunia, mwanamke akaja kutazama. Huku nyuma kila taa ilikuwa na balbu yake ndogo kwenye tundu lake. Tundu moja lilikuwa wazi. Akaigeuza dashibodi taratibu aone tundu lile ni la taa gani. Ilikuwa ya oili.

"Fundi, mbona hapa hakuna balbu?"

"Aa, shemeji, achana nayo hiyo."

"Naachana nayo vipi? Nimeitwa muuaji kwa ajili ya tundu hili."

Fundi akajikuna shingo, akatazama kibarazani kama mume yupo. Hayupo. "Mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia niitoe. Ilianza kuwaka akiwa njiani kuja kwangu, inamkera macho. Nikamwambia bwana, si uweke oili tu? Akasema ataweka mwisho wa mwezi. Mimi ningemkatalia vipi mwenye gari lake?"

Alikaa chini pale pale kwenye mafuta. Kwanza alifurahi, ndiyo, alifurahi mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu jicho lake lilikuwa zima. Halafu akakumbuka mume pale mlimani akiuliza mbele ya watu, hukuona taa? Anauliza, na anajua balbu haipo! Hasira ikampanda.

Bwana Mng'aro aliporudi na kuulizwa hakubisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti.

"Nilisahau," akasema. "Mwisho wa mwezi ulifika nikasahau."

"Kusahau nakuelewa. Kwa nini ulinyamaza?"

"Mama alikuwepo, na watu wamejaa. Ningesemaje?"

"Ungesema balbu niliitoa. Maneno hayo tu."

Akasema ataenda kwa Matroni kesho, amweleze kila kitu, mkewe arudishiwe kazi. Kesho yake mke alimpigia shati pasi kwa mkono wake mwenyewe. Alipika huku anasikiliza mlango, kidogo chakula kiungue. Mume akarudi ameshika ufunguo wenye kibati cha zahanati.

"Umemwambia?"

"Nilianza kumwambia. Lakini nimekuta amechanganyikiwa, gari limefika, dereva hana, mgonjwa yuko kitandani anangoja. Akaniuliza, wewe una leseni? Sasa, mama watoto, ningesema sina? Muhimu ni kwamba kazi imebaki nyumbani."

"Na taa? Habari ya taa umemwambia?"

Alimtazama mkewe kwa mshangao kabisa, mtu anayeona anaulizwa jambo lisilo na akili. "Nimwambie hilo na hapohapo niombe kazi?"

Siku hiyo mke hakula. Asubuhi alijifunga kanga akaenda mwenyewe mpaka geti la zahanati, maneno yote yamekaa tayari mdomoni. Lile gari lilikuwa limeegeshwa kivulini, jeupe, tairi bado zina vile vinyweleo vya mpira mpya. Akasimama analitazama. Akisema, mume atafukuzwa. Mume akifukuzwa, wakubwa watamchukua mke wa mtu aliyefukuzwa? Wapi! Watatafuta mpwa wa mtu. Na watoto wanakula mshahara upi? Alichuchumaa akajifanya anafunga kiatu, akageuka, akarudi nyumbani. Ukitaka kumlaumu mlaumu, lakini kwanza ukae na watoto wake saa ya chakula.

Miezi ikapita. Mume akawa dereva, na gari likang'aa hilo, we! Siku moja asubuhi mwanamke yuko uani anaanika nguo, simu ikalia.

"Mama watoto! Gari linatoa moshi!"

"Mweupe au mweusi?"

"Mweupe! Unatoka mbele! Kuna mama ana uchungu huku nyuma, muuguzi ananipigia kelele, barabara haina gari hata moja. Nifanyeje?"

Nguo zilimdondoka. Kuna mwanamke huko, na mtoto wake tumboni. Mengine yote yakakaa kando.

"Umezima injini?"

"Bado."

"Zima! Sasa hivi. Weka breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya tairi. Fungua boneti, usiguse kitu. Umesikia? Mfuniko wa rejeta usiuguse, utakuchubua uso mzima. Niambie mvuke unatokea wapi."

"Kwenye mpira. Ule mnene wa juu."

"Katikati au mwishoni?"

"Mwishoni, pale ulipofungwa. Umechanika."

Akashusha pumzi. "Hapo Mungu kakuhurumia. Mna maji?"

"Ya kunywa. Ndoo ya muuguzi pia."

"Usimwagie injini maji, utapasua kichwa cha injini. Ngoja ipoe. Muuguzi aendelee na mgonjwa, wewe simama barabarani, likipita gari lolote lisimamishe. Nitakaa na simu hapahapa."

Alikaa chini kwenye nguo mbichi, simu sikioni, anasikia mwanamke asiyemjua analia kwa mbali. Hakuna gari lililopita. Mume alipoweza kuishika rejeta kwa kiganja bila kuruka, akamwambia afunike mfuniko kwa kitambaa, azungushe kidogo tu, asubiri ule mlio wa mvuke uishe, ndipo aufungue wote. Alegeze klipu, avute mpira. Akate kwa kisu kile kipande kilichochanika, ausukume tena mpira mpaka ndani, akaze klipu kwa nguvu zake zote. Awashe, ajaze maji polepole injini ikiwa inaunguruma. Mfuniko aurudishe lakini asiukaze, presha isije ikaurarua mpira tena. Kiyoyozi azime, hita awashe mpaka mwisho, na macho yasiondoke kwenye mshale wa joto.

"Hita? Kwenye joto hili?"

"Fanya ninavyokwambia!"

Alifanya. Mwanamke yule alijifungua hospitali, mtoto wa kiume, wote wazima. Mama Noki alipopata habari alilia, halafu akaokota nguo akazifua upya.

Jambo hilo likawa kubwa. Ndugu wa mzazi walikuja zahanati na shukrani zao, wakubwa wakaja na gari lao, viti vikapangwa uwanjani. Dereva amelitengeneza gari porini kwa kisu! Matroni akamvika koti jipya la kazi mbele ya watu. Mama Noki alikaa safu ya pili, kando ya mama mkwe. Atasema. Leo lazima aseme. Hana haja hata ya kutaja balbu. Aseme tu nani alikuwa kwenye simu, Matroni atajua mengine. Alikuwa tayari kumsamehe kwa neno hilo moja.

Bwana Mng'aro akashika kipaza sauti, akakohoa, akamtafuta mkewe kwa macho mpaka akampata.

"Na kipekee," akasema, "namshukuru mke wangu. Mimi nikihangaika na injini barabarani, yeye alikuwa nyumbani ananiombea."

Makofi! Wanawake walimgeukia, wakamsukuma mabega asimame aonekane. Akasimama.

"Mimi sikuomba," akasema kwa nguvu. "Nilimwambia akate mpira."

Halafu mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Mama Noki na magari tena!" na uwanja mzima ukapasuka kicheko. Wakubwa walicheka. Matroni alijifuta macho. Mume naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, mabega yakimtikisika ndani ya koti jipya. Mama mkwe akamvuta kanga, "Kaa, mwanangu, usimtie mwenzio aibu mbele za watu." Akakaa, akaweka mikono mapajani, akangoja wamalize kucheka.